Kiu ya Kuombwa Radhi



Jumanne jioni nilikuwa nimekaa kwenye benchi la bibi jirani yangu hapa Bungu, hatua chache kutoka barabara ya Kilwa, nikimtazama akibangua korosho. Kazi hii nimeiona tangu utotoni na bado hainichoshi. Korosho zinachomwa kwanza juu ya bati lililotobolewa matundu. Mafuta ya ganda yanashika moto, moshi mweusi unapanda, na aliyekaa upande unakoelekea upepo anahama bila kuambiwa. Kisha zinamwagwa mchangani zipoe. Kabla hajaishika ya kwanza, bibi huchovya vidole kwenye majivu, kwa sababu mafuta yale hayana urafiki na ngozi. Shika bila majivu, kesho vidole vinabambuka. Halafu jiwe chini, kigongo juu, ta! Ganda linapasuka na korosho inatoka nzima. Ukigonga kwa pupa inatoka vipande, na vipande havina bei.

Basi la Lindi likasimama. Vijana wakalikimbilia na mabeseni yao, kila mmoja akiinua vifuko hadi usawa wa dirisha. Mama mmoja akanunua kifuko, akakifungua palepale, akaanza kutafuna. Hata hajameza, macho yakahamia kwenye kifuko cha kijana wa pili, kilichoonekana kujaa zaidi. Akanunua na hicho. Basi lilipoanza kutembea alikuwa amegeuza shingo, anatafuta cha tatu.

Bibi hakuwa ameinua kichwa muda wote, au ndivyo nilivyodhani.

"Umemwona?" akaniuliza. "Mdomo unakula, jicho lina njaa."

Nilicheka. Nikamwambia, "Bibi, kuna mtu wa Bara Hindi alifundisha jambo kama hilo, yapata miaka 2,500 iliyopita, na watu wakamjengea mahekalu."

"Basi na mimi mnijengee," akasema. "Hata choo tu."

Mtu huyo ni Siddhartha Gautama, tunayemwita Buddha. Huenda unashangaa mchungaji wako kumleta katika tafakari ya wiki. Nivumilie kidogo. Hapa Bungu tumezoea kuishi na watu wasioomba kama sisi. Adhana ya alfajiri ndiyo saa yangu ya kuamkia, na mwezi wa Ramadhani futari ya jirani hunifikia kabla ya chakula cha nyumbani kwangu. Ukweli ukiletwa na jirani huwezi kuukataa kwa sababu tu hakupitia mlango wako wa mbele.

Buddha nilimkuta kwanza shuleni, mistari miwili katika daftari la historia. Kumfahamu kidogo nilianza siku niliyompeleka mke wangu hospitali Dar es Salaam. Tuliambiwa majibu yatatoka saa tisa, na ilikuwa saa tano. Tukawa tunatembea tukitafuta kivuli, hadi tukafika Garden Avenue, lilipo hekalu la Wabuddha. Mizizi yake ni Wasinhala, watu wa Sri Lanka, enzi hizo kisiwa kikiitwa Ceylon, ambao jumuiya yao ilianza kukusanyika Dar es Salaam mwanzoni mwa karne ya 20. Geti lilikuwa wazi. Tukamwuliza mtu aliyekuwa akifagia kama tunaweza kupumzika chini ya mti. Akatuelekeza kwa kichwa, akaendelea kufagia.

Majani ya mti ule nayakumbuka. Yana umbo la moyo, na ncha yake ni ndefu na nyembamba kama mkia wa panya. Yanatikisika hata wakati ngozi haisikii upepo wowote. Ni mti wa ukoo mmoja na mkuyu. Wabuddha wanaamini kwamba mwalimu wao alifunuliwa alichofunuliwa akiwa ameketi chini ya mti wa aina hiyo, mahali panapoitwa leo Bodh Gaya, India, akiwa na umri wa miaka 35. Nikawaza: kumbe mti wa Buddha na mkuyu wa Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili, ni ndugu! Mmoja aliketi chini, mwingine alipanda juu, na wote wawili walikuwa watu wa mali ambao mali ilishindwa kuwatuliza. Nilifurahia ugunduzi huo kwa sauti. Mke wangu, ambaye mawazo yake yote yalikuwa kwenye saa tisa, akaniomba nifurahi polepole.

Habari ya Buddha kwa ufupi ni hii. Alizaliwa katika jamaa ya watawala, akalelewa katika raha, na mapokeo yanasema baba yake alijitahidi asione kitu cha kuhuzunisha. Lakini siku zikaja akamwona mzee, akamwona mgonjwa, akaiona maiti, kisha akamwona mtawa mwenye uso uliotulia. Akiwa na miaka 29 akaondoka nyumbani. Akajaribu njia ya kujitesa, akafunga kula hadi mbavu zikahesabika. Haikumsaidia. Kilichomrudisha, wanasimulia, ni msichana aitwaye Sujata aliyemletea bakuli la wali uliopikwa kwa maziwa. Mimi, mtoto wa bonde la mpunga, nampenda Buddha zaidi kwa sababu ya ule wali. Aliula. Wenzake watano waliokuwa wakifunga naye wakamwona amelegea, wakamwacha. Baadaye ni haohao watano aliowafuata Sarnath, karibu na Varanasi, akawapa fundisho lake la kwanza: kwamba maisha yana uchungu, kwamba uchungu huo una chanzo, kwamba chanzo kikikoma na uchungu unakoma, na kwamba iko njia ya kuufikia ukomo huo, njia ya katikati, isiyo ya kujishibisha wala ya kujitesa.

Chanzo ndicho ninachotaka tukae nacho wiki hii. Mafundisho yake yalihifadhiwa katika lugha ya Kipali, na humo chanzo hicho kinaitwa *tanha*. Watu hulitafsiri kama "tamaa", na si kosa. Lakini maana yake ya kwanza, ile ya mwilini, ni kiu.

Kiu! Hapo nadhani mtu wa Rufiji anamwelewa Buddha upesi kuliko wengi, maana sisi tunaijua kiu ya mtu aliyezungukwa na maji.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Mjomba alikuwa na shughuli zake kwenye delta, akanichukua. Wakati ule kufika Nyamisati kwa barabara inayochepuka hapa Bungu ilikuwa safari ya kuagwa na familia, si kama leo ambapo abiria wa Mafia wanawahi kivuko. Tuliingia kwenye mitumbwi, tukapita mikondo yenye mikoko pande zote mbili, hadi ukitazama nyuma hujui ulikotoka. Katikati ya safari dumu letu la maji likapinduka, na kabla hajaligundua mtu lilikuwa limebaki na kikombe kimoja. Jua lilikuwa limesimama. Mjomba alipolala kidogo, nikainama ubavuni mwa mtumbwi, nikachota kwa viganja, nikanywa.

Nakumbuka ule ubaridi wa kwanza mdomoni. Kwa pumzi mbili tatu nilijiona mshindi. Nikachota tena. Maji yalikuwa yanajaa, bahari imepanda mkondo, na nilichokunywa kilikuwa chumvi. Muda si mrefu koo likawaka kuliko mwanzo. Nikanywa tena ili kuuzima moto ule, nao ukazidi. Mjomba alipoamka alinikuta nalia bila machozi.

Hakunipiga. Alivuta tawi la mchu, mmoja wa ile mikoko, lililokuwa limeinamia maji, akachuma jani, akaniambia, "Lamba." Nikalamba. Jani lilikuwa na chumvi juu yake, nyeupe, chembechembe. "Mti huu unakunywa chumvi na kuitoa jasho," akasema. "We mtoto si mchu. Ukiyanywa haya yanakunywa wewe." Akanipa kile kikombe kimoja kilichobaki, chote, naye hakunywa. Tukasubiri maji yapwe, tukapiga kafi kuelekea juu hadi mahali ambapo mto unausukuma ulimi wa bahari, na huko tukanywa maji yenye tope, matamu kuliko soda yoyote niliyowahi kununua.

Mwili, ukishaingiziwa chumvi, unadai maji mengi zaidi ya uliyoyanywa ili uitoe. Kwa hiyo kila funda ni deni. Hiyo ndiyo *tanha*. Buddha hakuwa anawasema watu wenye njaa wanaotaka ugali. Alikuwa anaeleza funda linaloongeza kiu.

Umewahi kukaa na kijana aliyeshinda mkeka wa kubashiri mechi? Angekosa, angelala mapema. Ameshinda elfu thelathini, na sasa halali, anachagua timu za kesho.

Hapa nakuomba tuwe waangalifu, kwa sababu fundisho hili likishikwa na mtu mwenye shibe huwa fimbo ya kumpigia mwenye njaa. Mkulima wa korosho anapotaka bei ya haki mnadani, hiyo si kiu ya chumvi. Mama anapotaka zahanati iwe na dawa, hajashikwa na tamaa. Buddha mwenyewe aliukubali ule wali. Lakini ndani ya haki yetu kuna kitu kingine kinachojipenyeza, nacho kila mmoja anakijua kwake. Msimu wa 2017 bei ya korosho katika minada ya kusini ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walishangilia. Mwaka uliofuata wanunuzi wakashusha, wakulima wakagoma, na mwezi Novemba 2018 Rais Magufuli akaagiza serikali izinunue kwa shilingi 3,300, na jeshi lizikusanye. Miaka michache kabla ya hapo bei kama hiyo ingepigiwa ngoma. Lakini ulimi ulioonja 4,000 ulikuwa na kumbukumbu yake. Nilimsikia mzee mmoja akisema hasara yake msimu ule ni shilingi mia saba kwa kila kilo, na alikuwa anasema kweli kabisa jinsi anavyohisi, ingawa mfukoni hakuna aliyemchukulia hizo mia saba.

Buddha alisema kiu iko ya namna tatu. Ya kwanza ni kiu ya raha za mwili na macho: korosho za dirishani. Ya pili ni kiu ya kuwa: kuwa mtu fulani, kuonekana, kuitwa mheshimiwa. Hiyo sisi wachungaji tunaijua vizuri. Tunaificha chini ya maneno ya utumishi, lakini jaribu kusahau jina la mchungaji kwenye orodha ya wageni wa harusi uone. Ya tatu ndiyo iliyonishika mimi, na nilichelewa kuitambua kwa sababu haifanani na tamaa hata kidogo. Ni kiu ya kutokuwepo: kutaka jambo lililopo litoweke, lililotokea liwe halikutokea.

Nikueleze.

Baba yetu alituachia mikorosho 52. Mimi ni mkubwa, kisha dada, kisha mdogo wetu wa kiume. Tulikubaliana kwamba mavuno ya mwaka fulani yote yataezeka upya nyumba ya mama, ambayo makuti yake yalikuwa yamechoka. Mwezi wa tano, kabla mikorosho haijatoa hata ua, mdogo wangu alichukua fedha za kangomba kwa mnunuzi wa mtaani. Unajua kangomba ilivyo: unapewa fedha kidogo leo wakati wa dhiki, na msimu ukifika korosho zako zinapimwa kwa kopo lake, si kwa mzani. Hakuuza fungu lake peke yake. Aliuza yote. Nilipojua, fedha zilikuwa zimekwisha na mnunuzi alikuwa na karatasi yenye sahihi.

Masika yaliyofuata mama alilala na sufuria kitandani. Nalisema kama lilivyo: sufuria la kupikia wali, limewekwa kwenye godoro upande wa miguu, kuzuia maji yanayodondoka. Usiku ukilala pale unasikia ti, ti, ti. Nililala usiku mmoja tu. Sauti ile niliondoka nayo kichwani, nikaitunza miaka tisa.

Bati lilipatikana mwaka mmoja baadaye. Dada alichanga, nami nilichanga, hata mdogo wetu alileta misumari na hakuna aliyemwomba. Kwa hiyo nyumba haikuvuja tena. Nilichokuwa nasubiri mimi ni neno. Nilitaka asimame mbele yangu aseme: kaka, nilikosea. Nilishayatunga mpaka maneno yake. Nilijua angeanza vipi, wapi sauti ingekatika, na mimi ningenyamaza kwa muda gani kabla ya kusema nimekusamehe. Nikitembea kwenda kwenye ibada natunga. Nikioga natunga. Kila mara nilipomaliza kutunga nilijisikia vizuri kwa pumzi mbili tatu, kisha koo linawaka.

Nilihubiri juu ya mwana mpotevu zaidi ya mara moja katika miaka hiyo, na sikuwahi kuona kwamba kijana yule alikuja na hotuba yake aliyoiandaa, na baba hakumngoja aimalize.

Mama aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunachambua mchele. "Mwanangu, unataka aseme nini hasa?"

"Akiri tu, mama. Aseme amekosa."

Akapeperusha ungo, akatoa chuya moja, akaitupa. "Akishasema, ile mvua ya mwaka ule itakuwa haikunyesha?"

Sikumjibu. Mama yetu alikuwa amempikia mdogo wangu tangu wiki ileile ya kwanza, kana kwamba hakuna lililotokea, na mimi niliuita huo udhaifu wa mama.

Sasa rudi nami kwa Buddha kidogo. Kuna fundisho lake la mishale miwili. Mtu akichomwa mshale, anaumia. Kisha kwa kulalamika, kujiapiza na kujiuliza kwa nini mimi, anajichoma mshale wa pili, na wa pili ndio hukaa muda mrefu. Niliuona mfano wake hapa kwetu Aprili 2024, maji ya Mto Rufiji yalipofunika mashamba na nyumba za bondeni, na baadhi ya ndugu zetu wakapanda huku barabarani wakiwa na walichoweza kubeba. Mshale wa kwanza ulimpata kila mmoja, na asije mtu akawaambia haukuuma. Lakini nilimwona bwana mmoja aliyekuwa amepoteza mpunga wake wote akikaa na watoto wa mwenyeji wake, anawafundisha kusuka mtego wa samaki, na mwingine, ambaye jirani yake alikataa kumpa nafasi kwenye mtumbwi, akisimulia habari ya mtumbwi ule kila siku kwa kila mgeni. Mpunga hakuutaja. Siku ya kwanza nilimhurumia. Siku ya nne nikajitambua mimi mwenyewe kinywani mwake. Sufuria langu lilikuwa mtumbwi wake.

Je, wewe mpendwa, una habari unayoisimulia hivyo? Simaanishi kubwa lazima. Inaweza kuwa salamu ambayo haikujibiwa msibani, au kanga uliyoahidiwa. Ukiisimulia, unapoa, au unawaka?

Sitaki unielewe kwamba anayedhulumiwa anyamaze. Kama ni shamba, mabaraza yapo, nenda. Kama ni kipigo nyumbani, ondoka, utafute msaada, tutakusindikiza. Kudai haki kuna mwisho wake: shauri linasikilizwa, linakatwa. Ninachosema mimi ni ile sehemu isiyo na baraza, inayodai kitu ambacho aliyekukosea hata akitaka hawezi kukulipa, yaani mvua irudi juu.

Hapa ndipo njia yangu na ya Buddha zinapoachana kwa heshima. Yeye lengo lake analiita *nirvana*, na neno lenyewe maana yake ni kuzimika, kama taa inavyozimika mafuta yakiisha. Kiu izimwe. Mimi nimesimama kwenye kisima kingine, pale alipofika mwanamke Msamaria adhuhuri na mtungi wake, akaongea na Mgeni aliyekuwa na kiu naye pia. Yesu hakumwambia aache kuwa na kiu. Alimwambia habari ya maji mengine. Nami jambo ninalolipenda katika kisa kile ni dogo sana, mwandishi amelitaja kwa kupita: mwanamke alipokimbia kwenda mjini aliuacha mtungi wake. Alisahau kilichomleta.

Lakini katika kujua ninakunywa nini, Buddha alinisaidia, na sioni haya kusema. Wafuasi wake wana zoezi la kutakia mema. Unaanza kwa kujitakia wewe mwenyewe, kisha unamtakia unayempenda, kisha mtu usiye na habari naye, kama kondakta wa basi, na mwisho kabisa yule mgumu. Kila siku. Hakuna anayetarajia ulimalize kwa wiki moja. Nikaligeuza kuwa maombi, kwa kuwa mimi ni mtu wa maombi, nikawa nalifanya jioni baada ya kufunga mlango wa kuku.

Watatu wa kwanza walikuwa rahisi. Nikifika kwa wa nne, ulimi unagoma. Nilikaa zaidi ya mwezi siwezi kulitaja jina la mdogo wangu na neno baraka katika sentensi moja. Basi nikaanza na mbuzi wake. Alikuwa na mbuzi wanne. Niliwaombea wale mbuzi malisho, wasiibiwe, wasigongwe na malori. Usicheke. Kwa wiki kadhaa hicho ndicho kilichokuwa kimo cha upendo wangu, mbuzi wanne, na namshukuru Mungu kwamba hakukidharau. Kisha nikaweza kuwaombea watoto wake. Kisha mkewe. Usiku mmoja nilishtukia nimelitaja jina lake na nimeshalipita, nipo kwenye jambo lingine.

Mama hakuwepo tena kuona. Nalisema hilo bila kulipamba.

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilikuwa nafyeka chini ya mikorosho ya baba kabla ya kupuliza salfa, maana ubwiri unga haungoji mtu mvivu. Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Ni yeye. Amekonda, na nywele za masikioni zimeanza kuwa nyeupe, nikakumbuka kwamba na za kwangu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Akasimama. Akaitazama mikorosho, mmoja mmoja, kama anayeihesabu. Nami, mpendwa, nikiwa na miezi yote ile ya maombi nyuma yangu, nikahisi ulimi unanikauka. Sasa, nikawaza. Sasa atasema. Ile hotuba yake niliyomtungia ikanijia yote, na pale ambapo sauti ingekatika.

"Kuna maji?" akauliza.

Nikaenda kwenye mtungi uliokuwa kivulini, nikachota kwa kata, nikampa kwa mikono miwili. Alikunywa bila kupumzika, koo likipanda na kushuka, tone moja likimteremkia shingoni hadi kwenye kola. Nikamngoja. Akamaliza, akajipangusa mdomo kwa kiganja.

"Kisima hiki bado maji yake matamu," akasema. Akanirudishia kata, akavua shati, akalitundika kwenye tawi. "Kaka, una panga la pili?"